Kompyuta moja kwa watafiti wote wa Kigoma: umeme, foleni na mtu wa kuitunza

Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi ya dagaa hupumzika ufukweni Kibirizi na Katonga, maana taa haivuti dagaa wakati ziwa zima lina mwanga. Kompyuta ya utafiti nayo ina mbalamwezi yake. Mtu wa samaki huibana seva yake wiki tatu mfululizo sampuli zikirudi maabara, kisha inakaa miezi ikinguruma bila kazi. Mtu wa sokwe anaitaka pale kadi za kamera zinapokusanywa porini. Mtu wa malaria anaitaka takwimu za robo mwaka zikifika. Kila mmoja amenunua ya kwake, kila mmoja anailipia umeme, na siku anayoihitaji kweli anakuta ni ndogo.

Dawa inajulikana: kuchanga. Nawaandikia watu wa taasisi za hapa Kigoma ambao wameshakaa kikao cha kwanza cha kununua mashine ya pamoja na sasa wanajiuliza kikao cha pili kizungumzie nini. Kizungumzie umeme, foleni na mshahara wa atakayeitunza. Seva zenyewe ndizo sehemu nyepesi.

Mahitaji yapo, tena ya kila namna. Gombe kuna kumbukumbu za sokwe tangu 1960, Mahale tangu 1965. Ziwani kuna kazi ya TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, Kihinga kuna utafiti wa michikichi wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, mjini kuna hospitali ya Maweni, na Kasulu kuna kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa 1996, ambako masuala ya afya, maji na lishe hayaishi. Ongeza wanaorekodi Kiha na lugha jirani. Mmoja mmoja, hawana kazi ya kujaza mashine kubwa mwaka mzima. Ukiwaweka pamoja, haitapata usiku wa kulala.

Wala si jambo la kubuni leo. Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison kilianza mwaka 1988 kukusanya muda wa kompyuta zilizokaa bure kwa programu ya Condor, ambayo leo inaitwa HTCondor na bado inatumika. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa NASA, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida kwa kebo za mtandao zikafanya kazi kama moja, wakaiita Beowulf. Karibu kila kituo cha leo ni mjukuu wa ile. Marekani ilianza mtandao wa kompyuta za pamoja wa TeraGrid mwaka 2001, ikafuatwa na XSEDE mwaka 2011, kisha ACCESS mwaka 2022, na humo wanafizikia, wataalamu wa jeni na wachumi wanapanga foleni moja. Afrika Kusini ina kituo cha kompyuta kubwa, CHPC, pale Cape Town, ambacho mwaka 2016 kilizindua mashine iitwayo Lengau, yaani duma kwa Kitswana.

Kabla ya kutaja seva yoyote, jueni kazi zenu zina umbo gani, kwa sababu kila fani huichosha mashine mahali pake.

Chukua anayeunda modeli ya mikondo ya Ziwa Tanganyika. Eneo la ziwa ni takriban kilomita za mraba 32,900 na kina chake kinafika mita 1,470. Ukiligawa kwa vipande vya kilomita moja kwa moja, uso peke yake una vipande karibu 33,000; ukishuka kwa tabaka 100 unakaribia milioni 3.3, kabla ya kutoa zile sehemu zenye kina kifupi. Kila kipande lazima kijue jirani yake amefanya nini kabla ya hatua inayofuata, na kwa hatua za sekunde 60 mwaka mmoja una hatua 525,600. Hapa kori nyingi, yaani vichwa vya kuchakata vilivyo ndani ya seva, zinafanya kazi moja na zinaongea bila kukoma. Swichi ya mtandao inayounganisha seva ikiwa ya polepole, zote zinasimama kungojana. Akitaka vipande vya mita 500, hesabu ya vipande inakuwa mara nne na hatua ya muda inabidi ipungue nusu. Hiyo ni kazi mara nane. Ukimsikia anasema anaongeza ukali kidogo tu, chukua kalamu umpigie hesabu.

Wa jeni za samaki ana shida nyingine kabisa. Kori zake hazina haja ya kuongea. Anachotaka ni RAM, kumbukumbu ambamo kazi inafanyika. Kuunganisha jenomu, yaani ramani nzima ya jeni, kutoka vipande vifupi kunaweza kudai mamia ya GB ndani ya seva moja, na RAM ya seva mbili huwezi kuzifunga kamba zikawa moja. Wa picha anataka GPU, kadi inayofanya hesabu nyingi kwa mpigo. Kamera za porini zikileta picha milioni mbili na laptopu ikichambua moja kila sekunde tano, kazi itachukua siku 115 hivi. Kadi ya GPU ikichambua kumi kwa sekunde, ni siku mbili na robo. Mtakwimu ana kazi ndogondogo 5,000 zisizohusiana. Huyo hata seva mpya haihitaji: kompyuta 30 za maabara ya wanafunzi zikifungwa HTCondor usiku zinamtosha, maadamu mtu hazimi swichi ya ukutani anapofunga mlango. Wa lugha anahitaji uchakataji mdogo sana, lakini rekodi zake ndizo ningezilinda kuliko zote. Jenomu ya samaki unaweza kuisoma upya. Sauti ya bibi aliyekwisha kufariki huirudii.

Kuna kosa moja fani zote hulifanya, la kudhani kori zikiongezwa kazi itaharakika kwa kiasi kilekile. Gene Amdahl alilieleza mwaka 1967: ikiwa asilimia 5 ya programu lazima iende hatua kwa hatua, hata ukiipa kori 1,000 haitazidi mara 20. Pimeni kila programu kwa kori 1, 4, 16 na 64, muandike dakika. Inapoacha kupungua, hapo ndipo kikomo chake.

Kwa maumbo hayo, mwanzo mzuri ninaoweza kuutetea ni huu: seva tatu za kawaida zenye kori 64 na RAM ya GB 256 kila moja, moja ya kori 64 yenye RAM ya TB 1 kwa watu wa jeni, moja ya kori 32 yenye GPU mbili za GB 24, seva ndogo ya lango ambako watu wanaingilia na foleni inasimamiwa, seva ya hifadhi, na swichi ya Gb 10 au 25 kwa sekunde. Jumla kori 288. Mtandao wa InfiniBand, wa kasi kubwa kati ya seva na seva, acheni kwanza. Kazi ya ziwa ikikaa ndani ya seva moja yenye kori 64 haiuhitaji, na fedha hiyo ina matumizi bora kwenye RAM.

Mtapewa mitumba. Mashine kubwa za nje zikistaafu, kabati zake huwa zinagawiwa: Ranger ya Texas, iliyofanya kazi kuanzia 2008 hadi 2013 ikiwa na kori 62,976, sehemu yake ililetwa Afrika kupitia CHPC na ikafundishia watu wengi. Kwa kufundishia pokeeni kwa mikono miwili. Kwa uzalishaji pigeni hesabu kwanza. Seva ya zamani yenye kori 16 inayokula wati 350 humaliza uniti 3,066 kwa mwaka. Kumi kama hizo zina kori 160 na zinavuta kilowati 3.5, seva moja ya leo yenye kori 128 inavuta takriban kilowati moja na inafanya kazi zaidi. Seva ya bure inaweza kuwa ghali kuliko ya kununua, na ankara hiyo haiji kwa aliyetoa msaada.

Tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo miradi mingi hufia.

Vifaa nilivyotaja, vikifanya kazi kwa nguvu zote, vinavuta hivi: seva za kawaida wati 1,500, ya RAM kubwa 600, ya GPU 1,100, lango 200, hifadhi 300, swichi 100. Jumla wati 3,800. Mwezi wa siku 30 ni uniti 2,736. Kiyoyozi huongeza kama theluthi moja, mnafika karibu uniti 3,650. Zidisheni kwa bei iliyo kwenye ankara yenu, na namba hiyo iwe ukurasa wa kwanza wa makubaliano. Kila taasisi isaini ikiiona.

Wati zote hizo hugeuka joto. Wati 3,800 ni karibu BTU 13,000 kwa saa, kabla ya kuhesabu ukuta wa magharibi unaopigwa jua la jioni. Fungeni viyoyozi viwili vya BTU 24,000 vinavyopokezana, kila kimoja kikiwa na uwezo wa kubeba chumba peke yake. Kiyoyozi kimoja kikifanya kazi saa 24 bila kupumzika, kompresa yake itakufa mapema. Maji yake yatoke nje kwa bomba lenye mteremko, na bomba hilo lisipite juu ya kabati. Dirisha zibeni kwa matofali au mbao nene. Vumbi jekundu la kiangazi likichanganyika na unyevu wa ziwa hutengeneza tope jembamba kwenye mapezi ya kupozea, na feni zinazunguka kwa kelele zote bila kupoza kitu.

Watu wengi husahau kwamba UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, inabeba seva lakini haibebi kiyoyozi. Umeme ukikatika, seva zinaendelea kutoa joto ndani ya chumba kilichofungwa. Chumba cha mita tatu kwa nne kina hewa kidogo mno. Joto hupanda nyuzi kadhaa kwa dakika. Jenereta iliyounganishwa kwenye seva bila kiyoyozi inafanya vivyo hivyo, tena kwa muda mrefu zaidi, na hapo ndipo diski zinapokufa tatu kwa mpigo. Kwa hiyo UPS isipangwe kwa ajili ya kuendelea na kazi. Ipangwe kwa ajili ya kuzima kwa heshima.

Utaratibu wake uko hivi. UPS ya kVA 6 yenye betri za dakika 15, kebo yake ya USB ikiwa kwenye seva ya lango, na programu ya NUT ikiisikiliza. Dakika mbili bila umeme: foleni inaacha kuanzisha kazi mpya, kwa kuwa katizo nyingi ni fupi na hakuna haja ya kuua kitu. Dakika tano: kazi zinaambiwa zihifadhi zilipofika. Dakika nane: seva za kazi zinazimwa. Dakika kumi: lango. Hifadhi inazimwa mwisho kabisa. Kuwasha ni kinyume: swichi, hifadhi, lango, kisha seva za kazi moja moja zikipishana nusu dakika ili zisivute umeme kwa kishindo. Mkiwasha seva za kazi kabla ya hifadhi, zitaganda zikitafuta folda ambayo haijaamka, na mtu atapoteza asubuhi nzima akidhani mtandao umekufa. Kwenye mipangilio ya seva zimeni ile ya kujiwasha umeme unaporudi. Umeme ukirudi mara nyingi huchezacheza, na seva inayowaka na kuzimika mara nne ndani ya dakika kumi inaumia kuliko iliyokaa giza usiku mzima.

Radi za masika zichukuliwe kwa uzito wake. Fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini ipimwe, na ukinzani wake uwe chini ya ohm 5. Ipimeni Septemba, ardhi ikiwa kavu. Kipimo cha Machi kitawapa moyo wa bure. Kebo yoyote inayotoka jengo moja kwenda jingine iwe ya nyuzi za kioo. Kebo ya shaba kati ya majengo mawili ni njia ya radi kuingia moja kwa moja kwenye swichi.

Sasa, kazi za siku nyingi zihifadhi hali yake kila baada ya muda gani? Kuna kanuni ya John Young ya mwaka 1974, na kwa mazingira yetu ina faida kubwa: zidisha mbili kwa muda wa kuhifadhi, zidisha kwa wastani wa muda kati ya katizo na katizo, kisha tafuta kipeo cha pili. Modeli ya ziwa ikichukua dakika 3 kuhifadhi, na umeme ukikatika kila siku mbili, yaani dakika 2,880, unapata kipeo cha pili cha 17,280, ambacho ni dakika 131. Hifadhi kila saa mbili na dakika kumi. Umeme ukikatika kila saa 12, inakuwa dakika 66. Anayehifadhi kila dakika tano anatumia muda wake mwingi kuandika diski. Asiyehifadhi kabisa atakuwa anaanza upya kila Jumatatu. Wekeni daftari la makatizo mlangoni, tarehe na dakika, ili hiyo namba ya wastani itoke kwenu wenyewe.

Hifadhi nitaipitia haraka. Diski nane za TB 8 kwa mpangilio wa ZFS unaovumilia diski mbili kufa zinawapa TB 48, na hesabuni kama 38 tu, kwa sababu ikizidi asilimia 80 huanza kusota. Ukaguzi wa data nzima ufanyike kila mwezi. Nunueni diski mbili za akiba siku ileile. Kuagiza diski kutoka Dar es Salaam wakati moja imekufa na ya pili inalia ni wiki ya roho juu. Na mpangilio huo si bakapu. Mtu akifuta folda kwa makosa, imefutika kwenye diski zote nane kwa pamoja. Nakala nyingine iwe jengo jingine, na ya tatu mji mwingine.

Folda ziwe za aina tatu na sheria zake ziandikwe ukutani: ya nyumbani, GB 50, yenye bakapu, ya mradi, kwa mgao, yenye bakapu, na ya muda, kubwa, isiyo na bakapu, ambayo faili isiyoguswa siku 30 inafutwa bila kuuliza. Bila sheria hiyo ya mwisho hifadhi itajaa ndani ya mwaka, na siku itakapojaa hata asiye na kosa hataweza kuandika matokeo yake. Picha za porini zisikae kama faili milioni mbili zilizotawanyika. Kila faili ni ombi jipya kwenye mtandao, na GPU za bei kubwa zitakaa zikisubiri folda ifunguke. Fungeni picha elfu kumi kumi kwenye faili moja la tar au squashfs. Vivyo hivyo kwa mazingira ya Conda, yaani mkusanyiko wa programu za mtafiti, ambayo peke yake huzalisha makumi ya maelfu ya vifaili: yafungeni ndani ya kontena la Apptainer, faili moja lenye programu na vyote inavyohitaji. Faida ya pili ya kontena ni kwamba toleo la R, programu ya takwimu, lililotoa jedwali lenu la mwaka huu litakuwepo vilevile mhakiki atakapouliza baada ya miaka mitatu.

Kuhusu mtandao wa nje, Mkongo wa Taifa na TERNET, mtandao wa elimu na utafiti ulio ndani ya UbuntuNet Alliance, ndiyo njia ya kuulizia kabla ya kununua vifurushi vya biashara. Lakini fanyeni hesabu ya kweli. TB 1 kwenye Gb 1 kwa sekunde ni saa mbili na dakika 13 ikienda bila kusitasita. Kwenye Mb 10 ni siku tisa na robo. TB 4 za jeni kwenye Mb 20 ni siku 18 na nusu. Kwa mzigo huo, diski mbili zenye nakala sawa ndani ya begi la mkononi kwenye basi zitafika mapema zaidi. Andikeni alama za sha256 za kila faili, zinazoonyesha kama limebadilika njiani, kabla ya kuondoka, zihakikiwe kule, na nakala ya hapa isifutwe mpaka jibu lirudi. Kwa vidogo, programu ya rsync yenye uwezo wa kuendelea ilipoishia inatosha.

Foleni. Programu iliyozoeleka ni Slurm. Ni ya bure na ina kila mnachohitaji. Mtafiti haendeshi programu moja kwa moja. Anaandika karatasi ya maombi, mashine inampangia. Karatasi ya mtu wa R inaweza kuwa hivi:

#!/bin/bash
#SBATCH --account=samaki
#SBATCH --cpus-per-task=64
#SBATCH --mem=200G
#SBATCH --time=7-00:00:00
Rscript uchambuzi.R

Itazameni vizuri, kwa sababu karatasi ya namna hii ndiyo itakayowaletea ugomvi. Ameomba kori 64, lakini R ya kawaida, isipoelekezwa vinginevyo, hutumia kori moja. Kwa siku saba seva nzima imefungwa, kori 63 zimekaa, na wenzake wanaona foleni ndefu wakati mashine imepoa. Kazi ikiisha, amri ya seff itaonyesha ufanisi wa asilimia 1.56, ambayo ni moja gawanya kwa 64 kamili. Ukiona namba hiyo hasa, umeshajua tatizo bila kufungua faili lolote. RAM aliyoomba ni GB 200. Seff ikimwambia alitumia 9, wakati ujao aombe 12. Na muda wa siku saba, wakati kazi huisha kwa saa sita, unamwumiza yeye mwenyewe: Slurm hupenyeza kazi fupi kwenye mapengo huku kazi kubwa ikisubiri nafasi, na anayetaja muda mrefu hapati pengo. Akibadilisha mistari mitatu tu, iwe kori 1, GB 12 na saa 8, ataanza jioni hiyohiyo.

Kinyume chake ni anayeomba RAM ndogo. Kazi yake inakufa ghafla na kuacha namba 137, ambayo ni 128 kujumlisha 9: imeuawa kwa kuvuka mgao. Msimamizi akisahau kuwasha ulinzi wa cgroup, unaoifungia kila kazi ndani ya mgao wake, kazi hiyo haitakufa peke yake. Itaimeza RAM ya seva yote na kuua za majirani.

Haki ya foleni iwe ya kihesabu. Slurm hukumbuka nani ametumia saa-kori ngapi, yaani kori moja kwa saa moja, na kumshusha kidogo aliyetumia sana, na kumbukumbu hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 7 msipobadilisha. Kwa fani zetu, zenye misimu, siku 7 ni chache. Ningeweka 30, ili aliyekaa kimya miezi miwili akija na mzigo wa sampuli zake apewe njia kweli. Kori 288 kwa saa 720 za mwezi ni saa-kori 207,360. Asilimia 70 zigawiwe kwa kadiri ya mchango, 20 ziwe za wasio na fedha, hasa wanafunzi, na 10 zisubiri dharura kama mlipuko wa kipindupindu. Zisipotumika, foleni inazigawa zenyewe. Mwenye seva yake aliyoichangia arudishiwe kipaumbele ndani ya saa 24, na kazi ya mgeni irudi kwenye foleni ikiwa imehifadhi ilipofika. Bila ahadi hiyo iliyoandikwa hakuna atakayetoa seva.

Kila mtu awe na akaunti yake. Akaunti moja ya maabara nzima yenye neno la siri lililobandikwa ukutani inaharibu hesabu zote hizi, na faili likifutika hakuna wa kumwuliza. Kwa data za wagonjwa na wakimbizi ni kosa la kisheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Folda hizo zifichwe kwa usimbaji na majina yaondolewe kabla ya kupandishwa. Viota vya sokwe vyenye alama za GPS vistahili ulinzi uleule, kwa sababu jangili naye anajua kusoma ramani.

Hitilafu mbili ndogo za kubandika karibu na kabati. Saa za seva zikipishana zaidi ya dakika tano, Munge, ambayo Slurm huitumia kutambulishana, itakataa kila ombi, na ujumbe unaotoka hautaji saa waziwazi kwa asiyeuzoea. Baada ya katizo refu angalieni kwanza chrony, programu inayolinganisha saa. Ya pili ni namba za watumiaji: mtu akiwa 1005 kwenye lango na 1007 kwenye seva ya kazi, faili zake atazikuta ni za mwingine.

Fedha. Wafadhili hununua vifaa kwa urahisi. Uniti na mishahara huwa hawavigusi, mpaka uviandike kwa namna wanayoielewa. Uniti 3,650 ukizigawa kwa saa-kori 207,360, kila saa-kori 1,000 zinakula karibu uniti 18. Hiyo ni bei ya kuandika kwenye andiko la mradi, pamoja na fungu la kubadilisha vifaa baada ya miaka mitano na la mtunzaji. Watunzaji wawe wawili. Mmoja akienda likizo au akipata kazi Dodoma, nywila, ramani ya kebo na daftari la makosa visiondoke naye. Nikiambiwa nichague kati ya mtunzaji wa pili na GPU ya tatu, nitachukua mtu bila kusita, na huyo wa pili awe kijana wa hapa anayefundishwa kuanzia siku kabati linapofunguliwa.

Kabla hamjamkaribisha mtumiaji wa kwanza, chagueni Jumamosi moja, jazeni foleni kazi za majaribio, kisha mzime swichi kuu ya jengo bila kumwambia mtunzaji. Shikeni saa na kipimajoto. Andikeni dakika foleni iliposimama, dakika seva ya mwisho ilipozimika, na joto la chumba wakati huo. Rudisheni umeme baada ya nusu saa, mhesabu ni kazi ngapi ziliendelea zilipoishia na ngapi zimeanza upya. Zile zilizoanza upya rudini kwenye karatasi zake za maombi moja baada ya nyingine.